Straika wa kuhamahama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilicheza mpira wa kulipwa kwa misimu 14 na kuvaa jezi za klabu 9, kila mahali nikiwa namba 9 au nikiigombea. Tangu nitundike daluga, wachezaji chipukizi, wazazi wao na hata mashabiki huniuliza maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kama ninavyomjibu mtu tukiwa tumekaa pembeni mwa uwanja. Kwenye masuala ya kanuni nimefuata za FIFA. Ligi ya kila nchi ina nyongeza zake, nazo uzisome kabla hujaweka saini.

Straika wa kuhamahama ni nani hasa?

Ni mshambuliaji anayeishi kwa mikataba mifupi. Msimu mmoja hapa, miwili pale, nusu msimu kwa mkopo kwingine. Anaitwa kwa sababu kuna pengo: straika wa kwanza kaumia, au timu iko mkiani, au imepanda daraja na haina mtu aliyezoea vishindo vya ligi hiyo. Hakuna anayemsubiri akomae. Anatakiwa afunge Jumamosi hii. Wachezaji wengi wa kulipwa duniani wanaishi karibu zaidi na maisha haya kuliko ya wale unaowaona kwenye televisheni kila wiki.

Kuhama sana si dalili kwamba kiwango ni kidogo?

Swali hili huniuma, kwa hiyo nitalijibu kwa majina. Christian Vieri wa Italia, katika miaka ya 1990, karibu kila msimu alikuwa na jezi mpya: Ravenna, Venezia, Atalanta, Juventus, Atlético Madrid, Lazio. Alipotua Inter mwaka 1999 ada yake ilikuwa rekodi ya dunia. Nicolas Anelka amechezea Arsenal, Real Madrid, Fenerbahçe na Chelsea, na kote huko alichukua vikombe vikubwa.

Halafu yupo Sebastián Abreu wa Uruguay, aliyetambuliwa na kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kwa kuchezea klabu nyingi kuliko mwanasoka mwingine yeyote. Alipita kwenye klabu zaidi ya 30 katika nchi 11, akastaafu mwaka 2021 akiwa na miaka 44. Ndiye aliyepiga penalti ya mwisho dhidi ya Ghana, robo fainali ya Kombe la Dunia 2010 mjini Johannesburg. Sisi wengine tulikuwa tumeshika roho mkononi. Akaudokoa mpira taratibu katikati ya goli, kipa akiwa ameshajitupa pembeni. Kama Mwafrika niliumia usiku ule. Kama straika nilielewa kitu: mtu aliyezoea kuingia kwenye vyumba vya wageni na kuanza upya kila mwaka, presha haimshtui kama inavyomshtua mwingine.

Wapo wanaohama kwa sababu hawana kiwango, ni kweli. Lakini asiye na kiwango hapati klabu ya sita. Hapati hata ya nne.

Kwa nini washambuliaji wanahama kuliko mabeki?

Kwa sababu kazi yetu ina namba, na kila mtu anaweza kuisoma. Beki wa kati anaweza kuwa na mwezi mbaya na asionekane, mradi kipa wake anaokoa. Straika akikaa mechi 6 bila bao, hata muuza tiketi anajua. Pili, kocha mpya huja na mfumo wake, na mfumo huanzia mbele: mwingine anataka mrefu wa kushikilia mpira, mwingine anataka mwenye mbio za kukimbilia nyuma ya mabeki. Nilishawahi kumaliza msimu nikiwa mfungaji bora wa timu, kocha akaondoka mwezi Juni, na Julai nikaambiwa nifanye mazoezi na kikosi cha akiba. Hakuna aliyenikosea heshima. Mfumo ulibadilika tu, na kibarua changu kikaota nyasi.

Mkataba wake huwaje?

Kwa kanuni za FIFA, mkataba wa mchezaji wa kulipwa hauzidi miaka 5, na kwa aliye chini ya miaka 18 hauzidi 3. Sisi tulikuwa tunapewa mwaka 1, au mwaka 1 wenye kipengele cha kuongeza mwingine. Hapo kwenye kipengele ndipo usome mara tatu: nani mwenye haki ya kuongeza, wewe au klabu? Mara nyingi ni klabu peke yake. Maana yake ukifunga sana wanakubakiza kwa mshahara uleule, usipofunga unaondoka.

Bonasi ya mabao inapendeza kwenye karatasi. Mimi nilijifunza kudai zaidi bonasi ya kucheza, yaani malipo kwa kila mechi niliyoanza au kuingia. Bao linategemea winga, upepo na kipa wa watu. Kuingia uwanjani kunategemea mazoezi yako ya wiki nzima.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: klabu ikishasaini mkataba na wewe, haiwezi kuuweka kwenye sharti kwamba utakuwa halali ukifaulu vipimo vya afya au ukipata kibali cha kazi. Kanuni inakataza. Vipimo vifanyike kabla ya saini.

Anaweza kuchezea timu ngapi kwa msimu mmoja?

Anaweza kusajiliwa na klabu 3, lakini kucheza mechi rasmi kwa 2 tu, isipokuwa pale misimu ya nchi mbili inapopishana, ambapo kanuni inalegezwa. Kwa hiyo ukitoka klabu ya kwanza, ukaenda ya pili Januari ukacheza hata dakika 5, mara nyingi umejifungia mlango hadi msimu ujao. Dakika 5! Fikiri kwanza.

Mkataba ukiisha anakuwa huru kweli?

Ndiyo, na uhuru huo una historia. Zamani Ulaya klabu iliweza kumshikilia mchezaji au kudai ada hata baada ya mkataba wake kwisha. Jean-Marc Bosman, mchezaji wa Ubelgiji aliyezuiwa kwenda Ufaransa, akaenda mahakamani, na tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikampa ushindi. Yeye mwenyewe hakufaidi sana. Kesi ilimla miaka yake mizuri ya mpira. Waliofaidi ni sisi tuliofuata, na ndiyo maana jina lake silitaji bila heshima.

Leo, mkataba ukibakiza miezi 6 au chini, unaruhusiwa kusaini na klabu nyingine utakayokwenda ukiisha. Na dirisha la usajili likifungwa usikate tamaa: kanuni za FIFA zinaruhusu mchezaji ambaye mkataba wake ulikwisha kabla ya dirisha kufungwa asajiliwe hata baadaye. Klabu yangu ya saba niliipata hivyo. Septemba nzima nilikuwa nakimbia peke yangu alfajiri, simu nimeiweka kwenye soksi nisiikose ikiita.

Mkopo unafanya kazi vipi?

Unabaki mali ya klabu mama, unakwenda kucheza kwingine, na mshahara wako unagawanywa kadiri walivyokubaliana. Uliza hilo kabla hujapanda gari: nani analipa sehemu gani, na tarehe ngapi? Ukikaa bila majibu utakuja kuzungushwa, huku wanakwambia kawadai kule, kule wanakwambia kawadai huku.

Tangu Julai 2022 FIFA imeweka mipaka kwenye mikopo ya kimataifa. Mkopo mmoja hauzidi mwaka, uliyekopwa huwezi kukopeshwa tena kwa klabu ya tatu, na idadi ya wachezaji ambao klabu inaweza kutoa au kupokea kwa mkopo ilipunguzwa hatua kwa hatua hadi 6 kuanzia Julai 2024. Vijana wa miaka 21 kwenda chini waliokuzwa na klabu yenyewe hawahesabiwi. Naunga mkono kabisa. Nimewaona wenzangu waliozungushwa kwa mkopo miaka minne, kila mwaka mji mwingine, hata kocha wa klabu mama hawajui sura.

Nahitaji wakala?

Kwa kuhamahama, ndiyo. Huwezi kujua kwamba timu fulani ya nchi nyingine imempoteza straika wake jana jioni. Wakala mzuri anajua, na keshapiga simu. Awe na leseni ya FIFA, ambayo hupatikana kwa mtihani, na mkataba wa uwakilishi usizidi miaka 2.

Wazazi, hili nawasihi: mtu akidai pesa ili mwanao apelekwe majaribio nje, usimpe. Klabu inayomtaka mchezaji humwandikia barua yenye jina la klabu, tarehe, mahali pa kulala na bima, na wewe unaweza kuipigia klabu hiyo kuhakikisha. Nimekutana na vijana waliotelekezwa uwanja wa ndege, baba kauza shamba. Hakuna majaribio yenye thamani hiyo.

Klabu isipolipa mshahara nifanye nini?

Hapa nataka ujifunze kwa kosa langu. Klabu moja, ambayo sitaitaja, ilinikalisha miezi 4 bila mshahara. Kila Ijumaa tuliambiwa wiki ijayo. Niliendelea kucheza na kufunga, nikiamini mabao yatawatia haya. Mwisho wa msimu nikaondoka na ahadi tu, sina hata barua moja niliyowahi kuandika.

Kanuni ya FIFA, kifungu cha 14bis, inasema hivi: klabu ikishindwa kinyume cha sheria kukulipa walau mishahara ya miezi 2, unaiandikia notisi ukiipa siku zisizopungua 15 ilipe deni lote. Siku zikipita bila malipo, una sababu halali ya kuvunja mkataba, na madai yako yanabaki hai. Neno la kushika hapo ni *kuandika*. Si kumwambia meneja koridoni, wala kulalamika kwenye gari la timu. Barua, tarehe, nakala kwako na kwa chama cha wachezaji. Vyama vya wachezaji vya nchi nyingi viko chini ya FIFPRO, shirikisho la dunia la vyama hivyo, na vina wanasheria waliozoea kesi hizi.

Wiki ya kwanza kwenye timu mpya unafanya nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo ufundi wa straika wa kuhamahama ulipo. Kufunga wanajua wengi. Kufika wanajua wachache.

Unaingia chumba cha kubadilishia nguo, unapewa ndoano iliyo karibu na mlango wa bafu, ile inayorushiwa maji, kwa sababu za katikati zina wenyewe. Usilalamike. Salimia kila mtu kwa mkono, anza na mtunza vifaa, kwa maana ndiye atakayekuwepo hata kocha akifukuzwa. Kama lugha ni ngeni, jifunze maneno matano siku hiyohiyo: geuka, nyuma yako, peke yako, acha, rudisha. Kwa maneno hayo matano unaweza kucheza mechi nzima.

Kwenye mazoezi ya kwanza mimi nilikuwa sipigi kelele za kuomba mpira. Nilikuwa naangalia miguu. Winga wa kulia anayependa kuingia ndani na kupiga kwa guu la kushoto, krosi yake hupinda kuelekea golini, kwa hiyo ukikimbilia mwamba wa karibu mapema itakupita juu ya kichwa. Kaa nyuma ya beki wa mwisho, uvizie. Winga anayekwenda hadi mstari wa mwisho na kupiga kwa guu lake la asili, mpira wake hurudi nyuma. Mabeki wote watakuwa wanakimbilia goli lao, wewe simama ghafla karibu na alama ya penalti. Kiungo je, anapiga pasi ya kwanza au anagusa mara mbili? Kama anagusa mara mbili, ukianza mbio anapopokea tu utaotea. Subiri mguso wa pili.

Na beki unayekabana naye hana macho mawili ya kutazama pande mbili. Simama nyuma ya bega lake asilolitazama. Atageuza kichwa kuangalia mpira, lazima, hawezi kujizuia. Sekunde ile kichwa kinapogeuka, wewe hama mita 2. Akirudi kukutafuta haupo. Mabao yangu mengi yalitoka kwenye hizo mita 2, na hakuna kamera iliyowahi kuzionyesha.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye mpira hupewi hata hizo mbili.

Ukame wa mabao unaushughulikia vipi?

Kwa hesabu kwanza, moyo baadaye. Kwa wastani shuti 1 kati ya 10 hivi ndilo linaloingia. Tuseme unapiga mashuti 3 kwa mechi. Uwezekano wa kupiga mashuti 15 mfululizo, yaani mechi 5, bila bao hata moja, na wewe hujabadilika chochote, ni karibu 1 kwa 5. Hiyo ni bahati tupu, na itakukuta zaidi ya mara moja kila msimu mrefu.

Kwa hiyo jiulize: bado nafika kwenye nafasi? Kama unafika na unakosa, endelea, usiguse kitu. Kama hufiki kabisa, hapo kuna tatizo la kweli, na liko kwenye mikimbio yako, au mwilini, au usingizini. Kosa la wengi ni kuanza kushuka katikati kufuata mpira ili wajisikie wana kazi. Ukishuka unaondoka mahali mabao yanapopatikana, na ukame unazidi.

Nikianzia ligi za chini nitabaki huko?

Rickie Lambert aliachwa na Liverpool akiwa na miaka 15. Kuna kipindi alikosa timu akafanya kazi kwenye kiwanda cha bitiruti za chupa, akifunga vifuniko. Akapitia Macclesfield, Stockport, Rochdale na Bristol Rovers, akafika Southampton mwaka 2009 ikiwa daraja la tatu, akapanda nayo hadi Ligi Kuu ya England. Agosti 2013, akiwa na miaka 31, akaitwa England, akaingia kutoka benchi dhidi ya Scotland pale Wembley, na mguso wake wa kwanza ulikuwa kichwa, bao la ushindi, 3–2. Mwaka uliofuata Liverpool ileile ikamnunua.

Jamie Vardy naye alitoka nje kabisa ya ligi za kulipwa, na msimu wa 2015/16 akafunga katika mechi 11 mfululizo za Ligi Kuu, Leicester ikawa bingwa. Sikuambii itakutokea. Nakuambia ligi ya chini si kaburi, maana huko unacheza, na straika asiyecheza hafahamiki.

Klabu iliyonilea utotoni inapata nini nikiuzwa?

Ukiuzwa nchi nyingine kabla mkataba haujaisha, 5% ya ada hugawiwa klabu zote zilizokulea kati ya miaka 12 na 23. Kwa klabu ndogo, hiyo inaweza kuwa jezi, mipira na mishahara ya makocha wa watoto kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana nawaambia vijana: hakikisheni usajili wenu wa utotoni umeandikwa vizuri, jina na tarehe. Mwalimu wako wa kwanza asikose haki yake kwa sababu ya karatasi.

Nikiumia?

Goti likichanika kano ya mbele ni kama miezi 9 nje. Kwa mwenye mkataba wa miaka 4 ni balaa; kwa mwenye mkataba wa mwaka 1 ni mkataba mzima. Dai kipengele kwamba klabu itagharimia matibabu hadi upone, hata mkataba ukiisha katikati. Kidai siku ya kusaini, wakati bado wanakutaka.

Msuli wa nyuma ya paja ndio adui wa kila siku wa mtu wa mbio fupi. Mimi niliurudisha uwanjani mapema mara mbili ili nisipoteze namba, na mara zote mbili ukachanika tena. Wiki 3 nilizozikwepa zikawa 10.

Kanuni hizi zinawahusu wachezaji wanawake pia?

Zote. Na tangu Januari 2021 kuna ulinzi wa ziada: likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 yenye malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara wa mkataba, na klabu haiwezi kuvunja mkataba kwa sababu mchezaji ni mjamzito.

Familia inaishije?

Kwa shida, na nani atakudanganya? Mke wangu alihama nami mara 4, kisha mtoto wetu wa kwanza alipoanza shule tukakubaliana wabaki. Kuanzia hapo nilikuwa baba wa simu. Nilimwona binti yangu akipoteza jino la kwanza kupitia kioo kilichopasuka cha simu, nikiwa kitandani hotelini siku moja kabla ya mechi. Kama una mwenza, mkae muamue pamoja kabla ya kila saini, na wakala asiwe mtu wa kwanza kujua jibu lako.

Baada ya miaka 30 straika anaishia wapi?

Mbio zinapungua, kichwa kinazidi. Nilipofika miaka 32 nilikuwa nakimbia nusu ya mbio za zamani na kufika mapema kuliko zamani, kwa sababu nilishajua mpira utaangukia wapi. Timu hukuchukua pia kwa ajili ya vijana wao, ingawa hawaliandiki kwenye mkataba. Anza kozi za ukocha ukiwa bado unacheza, na weka akiba kila mwezi unaolipwa, maana kuna miezi hutalipwa.

Ukifunga dhidi ya timu yako ya zamani, ushangilie?

Kila mtu na moyo wake. Mimi nilifunga mara moja dhidi ya klabu yangu ya tatu, dakika ya 80 hivi, mpira wa kurudi kutoka kwa kipa. Sikushangilia. Nilisimama nikaangalia jukwaa lao la nyuma ya goli, na mzee mmoja aliyekuwa akinipungia kila Jumamosi nilipokuwa kwao alikuwa palepale kwenye kiti chake. Alinitazama kitambo, akavua kofia. Nikanyanyua mkono, nikarudi kati.